Kalamu na Tajiri Wake: Philip Ochieng wa Awendo na Uhafidhina katika Uandishi wa Safu



Nimetakiwa na walioandaa semina hii nizungumze juu ya maisha na kazi ya mwandishi wa safu za siasa mwenye mwelekeo wa kihafidhina, na kwa kuwa tumekutana katika nchi ya Nyanza ya Kusini, sikuona haja ya kwenda kumtafuta mtu huyo London wala New York, ilhali marehemu Philip Ochieng, aliyezaliwa Awendo mwaka 1938 na kufia huko huko Awendo mwezi Aprili 2021, aliandika magazetini kwa takriban nusu karne, akiwaudhi kwa zamu watu wa karibu kila mrengo. Najua wako watakaonikatiza mapema waniulize vipi mtu aliyejitangaza kuwa mfuasi wa Karl Marx aitwe mhafidhina. Pingamizi hiyo ni ya haki wala sitaikwepa. Lakini mwandishi, pamoja na kuulizwa madhehebu yake, huulizwa pia alikilinda kitu gani wakati wenziwe walipotaka kibomolewe, na Ochieng, katika miaka iliyokuwa mizito kuliko yote kwa siasa za Kenya baada ya uhuru, alikalia kiti cha mhariri mkuu wa gazeti la chama tawala.

Alipozaliwa, Awendo ilihesabiwa katika wilaya ya South Kavirondo iliyotawaliwa kutoka Kisii, na hii mipaka ya kaunti mbili, Homa Bay na Migori, tunayoifuata leo haikuwako. Nchi yenyewe ilikwisha zoea maandishi ya chapa kabla yake, maana Waadventista wa Sabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na matbaa waliyoisimika hapo ikawapa watu wa mwambao huu wa ziwa vitabu vya Kidholuo vya kusoma. Kijana wa Awendo alipata masomo ya awali kwao, akapasi kwenda Alliance High School iliyokuwa chini ya mwalimu mkuu Carey Francis, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa wanafunzi 81 waliosafirishwa Marekani kwa ndege iliyokodiwa kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, akaingia Chuo Kikuu cha Roosevelt mjini Chicago.

Naomba tulitue hapo jina la Mboya, maana asili yake ni kisiwa cha Rusinga, na kaburi lake liko huko, ng'ambo kidogo tu ya Mbita. Mboya akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi ndiye aliyesimamia waraka mashuhuri wa serikali wa mwaka 1965, Nambari 10, kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ambao chini ya jina la ujamaa uliruhusu mali ya mtu binafsi na mtaji wa kigeni viendelee kama vilivyokuwa. Aliyeupinga kwa maandishi ya kitaalamu mwaka huo huo, katika jarida la East Africa Journal, alikuwa mchumi Barack Obama, mzaliwa wa Kanyadhiang karibu na Kendu Bay na baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, naye alikuwa rafiki wa Ochieng. Basi watu watatu wa wilaya moja, wote wakiwa wamefunguliwa dunia na elimu ya ng'ambo, walisimama mahali patatu tofauti juu ya suala moja la nani amiliki nini. Anayedhani kwamba Nyanza ya Kusini ilikuwa na sauti moja ya siasa hajaisoma vizuri.

Ochieng aliingia gazeti la Nation mwaka 1966. Gazeti hilo lilikuwa mali ya Aga Khan, na huko ndiko alikojifunza kazi. Lakini mafunzo yaliyomkaa moyoni aliyapata Dar es Salaam. Mwezi Februari 1970 Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alilitaifisha gazeti la Standard la huko, akamweka Frene Ginwala wa Afrika Kusini kuwa mhariri, naye akawakusanya vijana wenye fikra za mrengo wa kushoto, Ochieng akiwamo. Mwaka uliofuata gazeti lilichapisha tahariri iliyomlaumu Rais Nimeiri wa Sudan kwa kuwanyonga viongozi wa chama cha Kikomunisti, na Ginwala akaondolewa. Ajabu ni kwamba Ochieng, aliyeyashuhudia hayo kwa macho yake, hakutoka Dar es Salaam akilaani magazeti ya dola. Kinyume chake, aliendelea kushikilia miaka mingi baadaye kwamba uhuru wa kusema alioupata huko hakuupata kwingine. Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo asili ya yote yaliyofuata. Aliona serikali ikimfukuza mhariri, akahitimisha kwamba dola yenye dira njema ina haki ya kuwa na gazeti. Mwingine angehitimisha kwamba mhariri hana usalama chini ya dola yoyote, iwe na dira au isiwe nayo.

Kitabu alichokiandika na Joseph Karimi juu ya urithi wa kiti cha Rais Kenyatta, kilichotoka mwaka 1980, nitakipita kwa haraka, ingawa kilisomwa mno. Kilieleza njama za wale waliotaka mwaka 1976 Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais Daniel arap Moi asirithi, na ingawa kimejaa habari za thamani, kilikuwa pia kitabu kilichomfaa sana mtu aliyekwisha kurithi.

Ama gazeti la Kenya Times, hilo sharti tulikalie. KANU, chama tawala, ililianzisha mwaka 1983 baada ya kulinunua Nairobi Times la Hilary Ng'weno, na mwaka 1988 ikashirikiana na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Mwaka huo huo, ambao ndio wa uchaguzi wa mlolongo, wapiga kura walipopanga foleni hadharani badala ya kupiga kura ya siri, Ochieng akawa mhariri mkuu, akaendelea hadi 1991. Kampuni hiyo ya ubia ndiyo iliyotaka kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai akasimama kulipinga mpaka mradi ukaanguka. Mwezi Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, wanasiasa waliodai vyama vingi, waliwekwa kizuizini, damu ikamwagika siku ya Saba Saba, tarehe 7, na muda huo wote gazeti la chama liliutetea mfumo wa chama kimoja, mpaka Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoharamisha vyama vingine, kilipofutwa. Mwezi mmoja kabla ya hapo Maxwell alikuwa amekufa baharini, na siri za madeni yake zikaanza kufichuka.

Utetezi wa Ochieng ulitoka mwaka 1992, katika kitabu alichokiita I Accuse the Press, na ni utetezi wa mtu mwenye akili nyingi. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna gazeti lililo huru. Kila gazeti lina mwenyewe, ama dola, ama chama, ama mtaji wa kigeni, na mwandishi anayejisifu kwamba kalamu yake ni huru kwa sababu mshahara wake unatoka kwa tajiri asiye na cheo serikalini anajidanganya nafsi yake au anawadanganya wasomaji. Fauka ya hayo aliwashutumu wenziwe kwa ujinga, kutosoma, na kuyameza maneno ya Magharibi bila kuyatafuna. Mengi katika hayo ni kweli, na nyinyi mnaongoja matangazo ya serikali za kaunti ili redio na majarida yenu yapate kuishi mnayajua kuliko mimi.

Lakini hoja hiyo ina tundu, nayo imemponza mwenyewe. Ikiwa matajiri wote wa magazeti ni sawa, basi mwandishi hana sababu ya kumkataa yeyote, na kiti cha Kenya Times kinakuwa halali sawa na kingine chochote. Walakini matajiri hawakuwa sawa, na ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake: mwaka 1989 Bunge lililipiga marufuku Nation kuripoti mijadala yake kwa miezi kadhaa, ilhali gazeti la chama liliendelea na kazi yake bila bughudha. Dola yenyewe, kwa adhabu hiyo, ilikuwa ikitofautisha kile ambacho mhariri mkuu wa Kenya Times alikataa kukitofautisha. Huu ndio uhafidhina wake hasa. Marx aliyekuwa mdomoni alimpa sababu ya kuudharau uhuru wa kiliberali, na dharau hiyo, ilipokaa chini ya paa la KANU, ikafanya kazi ile ile ambayo woga na tamaa viliwafanyia wahariri wasiowahi kufungua kitabu.

Baadaye alirejea Nation, wakampokea, akaandika safu mbili zilizompatia wasomaji wa kizazi kipya: Fifth Columnist ya Jumapili, iliyohusu siasa na falsafa, na Mark My Word ya Jumamosi, iliyohusu lugha ya Kiingereza. Katika hii ya pili alikuwa mhafidhina asiye na kificho wala haya. Alifuata asili ya maneno hadi Kilatini na Kiyunani, akaifuata historia ya Wajaluo hadi Misri ya kale kwa ujasiri ambao wanahistoria hawakuuridhia sikuzote, na juma baada ya juma akawatoa makosa ya sarufi wahariri wa magazeti ya Nairobi, hata wa gazeti lile lile lililomlipa. Mimi hukiona kisa hiki kuwa jawabu zuri kuliko yote dhidi ya kitabu chake cha 1992, kwa sababu hapo palikuwa na tajiri aliyemlipa mtu amkosoe hadharani, katika kurasa zake mwenyewe. Atakayesema kwamba makosa ya sarufi hayamnyimi tajiri usingizi atakuwa amesema neno la haki. Hata hivyo, sikumbuki kwamba Kenya Times ya siku zake ilimpa mtu yeyote nafasi ya kuikosoa KANU hata kwa kiasi hicho.

Pendekezo langu kwa semina hii ni jepesi. Vijana wanaosomea uandishi wa habari hapo Rongo humfahamu Ochieng kwa safu zake za uzeeni, ambamo alikwisha kuwa babu mkali na mpendwa, na hao wanaozikumbuka tahariri za Kenya Times wanazidi kupungua mwaka hata mwaka. Magazeti ya 1988 hadi 1991 yangali yakihifadhiwa Nairobi. Wapelekwe wanafunzi wakayasome tarehe kwa tarehe, wakiyalinganisha na Nation na Standard za Nairobi za siku zile zile, kisha warudi wafungue kitabu cha 1992 na kuandika pambizoni ni wapi mtu wa Awendo alisema kweli juu ya nafsi yake.