Nafuu kwa wastaafu: mstaafu yupi?

UZI: Haya ni mazungumzo niliyoyafanya na kikundi cha wastaafu na jamaa zao. Wengi waliomba maandishi, basi nayaweka hapa.

1/ Kila msimu wa siasa kuna hoja moja hairuki jukwaa: maisha yamepanda, wastaafu wapewe nafuu. Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tu yule atakayekuja kutuambia "nitawainua wastaafu" akute tumejiandaa kumuuliza. Swali la kwanza ni fupi: mstaafu yupi?

2/ Kwa sababu hapa Kenya kuna wastaafu wa aina tatu. Kuna aliyekuwa mtumishi wa umma, kama mwalimu au karani, anayepata pensheni kila mwezi kutoka hazina ya serikali. Kuna wa kampuni binafsi aliyekatwa NSSF. Kwa miaka mingi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, mwajiri akaongeza 200, na mwisho akalipwa zote mara moja. Zikiisha, zimeisha. Halafu kuna fundi wa jua kali, mama mboga, mkulima. Huyu hakukatwa popote na hana barua ya kustaafu. Alizeeka tu.

3/ Tuanze na wa kwanza, maana watu humwona ndiye mwenye bahati. Pensheni yake huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Ukisikia hivyo unaona ni vizuri. Sasa piga hesabu. Mwalimu anapata 20,000. Baada ya miaka kumi ameongezwa mara tano, amefika kama 23,200. Bei nazo tuseme zimepanda asilimia 5 kwa mwaka, ambayo ni katikati ya lengo la Benki Kuu, yaani mambo yakienda sawa. Kikapu kilekile cha 20,000 sasa kinataka karibu 32,600. Amepungukiwa na zaidi ya 9,000 kila mwezi, na hakuna siku hata moja pensheni yake ilikatwa. Na mambo hayaendi sawa kila mwaka. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6.

4/ Nafuu ya kodi je? Mwishoni mwa 2024 sheria ilibadilishwa ili anayefika umri wa kustaafu asitozwe kodi kwenye pensheni yake. Ni jambo jema. Lakini hata kabla ya hapo, shilingi 25,000 za kwanza za pensheni kwa mwezi hazikutozwa kodi, na aliyetimiza miaka 65 alikuwa ameshasamehewa. Kwa hivyo mwenye pensheni ya 18,000 hakuongezewa hata shilingi. Aliyenufaika zaidi ni yule mwenye pensheni nono. Ukisikia "tumewaondolea kodi," uliza kwanza ni nani aliyekuwa akiilipa.

5/ Yule wa tatu, fundi na mama mboga, anategemea Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi, kuanzia miaka 70. Katiba, kifungu cha 260, inasema mzee ni mtu aliyezidi miaka 60. Kifungu cha 57 kinasema ana haki ya kutunzwa na kusaidiwa na jamaa yake na Serikali. Hebu basi tuulizane: kati ya 60 na 70 anaishi kwa nini? Mgongo umechoka, dawa za presha zinanunuliwa, na jina lake haliwezi kuingia kwenye orodha. Tena hizo 2,000 zimekaa palepale zaidi ya miaka kumi. Yeye hata ile asilimia 3 hana.

6/ Wengine husema dawa ni kushusha bei, sio kuongeza pesa. Mwaka 2022 tuliona pakiti ya unga ya kilo mbili ikiteremshwa hadi shilingi 100. Ilidumu wiki chache tu, na dukani mara nyingi haikuonekana. Ruzuku ina uzuri wake, haiulizi mtu kitambulisho. Ubaya wake, inamfikia tajiri na maskini sawasawa, na ikiondolewa bei inarudi kwa kishindo.

7/ Na tuwasikilize pia wanaopinga, maana hoja yao si ya chuki. Pensheni ya ule mfumo wa zamani hailipwi kutoka kwa akiba ya mtu mwenyewe, inalipwa na kodi ya leo. Kijana wa boda boda analipa kodi hiyo kila akijaza mafuta, na Julai 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa hadi asilimia 16. Anauliza, mbona nibebe mzigo huu na mimi sina pensheni? Ndiyo maana tangu Januari 2021 watumishi wapya wa umma wanachangia wenyewe, na tangu 2023 makato ya NSSF yamepanda. Ni sawa, lakini hayo yanamsaidia mstaafu wa kesho. Wa leo ameshatoka kazini.

8/ Mimi naona hivi: nafuu isiyoandikwa kwenye sheria huisha na kampeni. Yule mwalimu hajaumizwa na mwaka mmoja mbaya. Ameumizwa na nyongeza isiyotazama bei, mwaka baada ya mwaka. Hizo 2,000 nazo hazina nyongeza kabisa. Kama kuna kitu cha kudai, ni nyongeza inayofuata mfumuko wa bei, na ianze na mwenye kidogo zaidi. Mtu anaweza kunipinga, ila aje na hesabu.

9/ Basi mgombea akija, mumuulize manne. Unamsaidia mstaafu yupi kati ya wale watatu? Utaiweka kwenye sheria, ama ni ahadi ya jukwaani? Pesa utazitoa wapi, na nani atalipa? Na zitafika kila mwezi, ama wazee watangojeshwa kama walivyowahi kungojeshwa Inua Jamii? Akijibu matatu na kuruka moja, mrudishieni hilo moja.