Taa ya Hatua Moja

Mwaka 1941 Isaac Asimov alichapisha hadithi ya kituo cha angani cha kuvuna nguvu za jua. Leo jua huvunwa hapa Garissa: megawati 50, kwa mtambo uliozinduliwa rasmi mwaka 2019. Hata hivyo, usiku mmoja stima ilipotea, nasi tukaitwa kwa mgonjwa. Tangu watu 148 walipouawa chuoni mwaka 2015, tumeogopa giza. Jirani yetu Mwislamu akatoka na simu yake ya mulika mwizi, akatumulikia hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Wapendwa, tusingoje mitambo mikubwa ndipo tuangaziane njia. Taa ya miguuni huonyesha hatua moja tu, nayo yatosha. Je, leo tutammulikia nani? Tuombe.