Kila Upande na Mwenzake: Vipimo vya Kiwanja Kariakoo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya pembe na pande za maumbo. Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya watoto wa shule." Lakini mwenye kununua kiwanja mjini, au kukirithi, akikosa elimu hii aweza kupoteza ardhi yake bila ya kujua.

Na tuende Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Njia nyingi za huko zimenyoka, nazo hukatana kwa pembe mraba. Kwa hiyo viwanja vingi ni vya mstatili. Tuseme kiwanja kimoja kina mita 12 mbele, njiani, na mita 16 kwenda nyuma. Pembe mbili za mbele tuziite A na B. Ile iliyo nyuma ya B tuiite C. Tukivuta kamba toka A hata C, twapata pembetatu ABC, na kamba hiyo itakuwa mita 20.

Sasa tutazame ramani iliyochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 500. Pembetatu ile tuiite humo KLM: mwenzake A ni K, mwenzake B ni L, mwenzake C ni M. Pembe hazikubadilika hata kidogo. Pande zote zimepungua kwa kadiri moja: mita 12 zimekuwa milimita 24, mita 16 zimekuwa milimita 32, na mita 20 zimekuwa milimita 40. Maumbo ya namna hii husemwa kuwa yanafanana. Kama pande nazo zingekuwa sawasawa, hata umbo moja likafunika lingine barabara, tungesema kuwa ni sawa kabisa.

Lakini upande hujulikanaje mwenzake? Usitazame ulio juu wala ulio chini, maana ramani huweza kugeuzwa. Tazama pembe inayoukabili. AC wakabili pembe B. KM wakabili pembe L. Basi hao ni wenzi.

Kuna faida gani? Tuseme warithi wawili wamepewa viwanja vya mita 12 kwa 16. Mmoja mita zake 16 ziko njiani, wa pili mita 12 tu. Maumbo ni sawa, eneo ni sawa, lakini upande wa mbele wa huyu ni mwenzi wa upande wa ubavuni wa yule. Kwa mwenye duka Kariakoo, mita 4 za njiani si kitu kidogo.

Tena, pande nne zikiwa sawa na za ramani, bado haitoshi: kiwanja chaweza kulala upande, ukuta ukaingia kwa jirani. Ndiyo sababu twapima na kamba ya pembe kwa pembe. Ikizidi mita 20 au ikipungua, pembe si mraba. Pembetatu haiwezi kulala. Pande zake tatu zikipatana na wenzi wao, pembe nazo hupatana.

Basi, kabla ya kuweka msingi au kutia sahihi, chukueni kamba, mpime pande zote na ule wa kati. Kwaherini.