Sanaa kwa Waokoaji wa Mpakani: Busia na Malaba

Tanki la mafuta likipinduka karibu na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana wa bodaboda huwahi kufika kuliko ambulensi. Wachota mafuta nao huwahi, na mwokoaji hulazimika kupambana na moto na watu kwa pamoja. Madhara ya kazi hiyo hayaonekani kwenye eksirei: usingizi wa mang'amung'amu, moyo kwenda mbio kila anaposikia harufu ya petroli. Makala hii inahusu sanaa kwa ajili ya watu hao, pamoja na askari wanaorejea maeneo ya Teso na Samia, Busia, kutoka Somalia, ambako jeshi la Kenya liliingia Oktoba 2011.

Sanaa ya kumbukumbu nchini imewazoea zaidi marehemu. Sanamu ya askari jijini Nairobi, ya mwaka 1928, ina watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Kavirondo, ambamo Busia ya leo ilikuwamo, ilitoa wapagazi wengi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini watatu wale hawana majina. Bustani ya Agosti 7 jijini humo ilipiga hatua: ina ukuta wenye majina ya waliouawa katika shambulio la bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, na mchongo uliotengenezwa kwa mabaki ya mlipuko wenyewe. Hata hivyo, ukuta ule ni wa waliokufa. Waliofukua vifusi kwa mikono, kisha wakarudi nyumbani na picha zisizofutika, hawamo.

Mpakani kuna njia nyingine. Waiteso wana akogo, kibao chenye vipande bapa vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kubwa na ndogo hujibizana, na juu yake huja wimbo. Mwokoaji akitungiwa wimbo angali hai, anaweza kumkatiza mwimbaji na kumwambia kisa hakikuwa hivyo. Shaba haikatizwi.

Wapo pia wachoraji wa malori na mabango. Mwaka 2020, madereva walipotakiwa kupimwa corona, foleni ya malori Malaba ilienda kilomita nyingi, na wahudumu wa afya wakachukua sampuli katikati ya hofu na hasira. Kisa hicho kingefaa kuchorwa papo hapo madereva wanapongojea mihuri.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2019 mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na kukiri kwamba sanaa husaidia. Husaidia tu: akogo haichukui nafasi ya mshauri nasaha, na kumpandisha askari jukwaani asimulie vita ili wageni rasmi wapige makofi ni kumtonesha kidonda.

Kwa hiyo ombi kwa Kaunti ya Busia ni hili: itenge fungu la kuwalipa wachoraji na wapiga akogo, na kabla ya rangi kugusa ukuta, waokoaji wenyewe waulizwe nini kichorwe na nini kiachwe.