UJUMBE WA SIMU NA RAFU YA DAWA: FUNZO LA UONGOZI WA KAZI KUTOKA KIGOMA

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Maneno juu ya uongozi wa kazi wa kisasa yamekuwa mengi maofisini, na aghalabu husemwa pale inapofunguliwa kompyuta mpya. Mazungumzo haya yanahusu kifaa kidogo zaidi, simu ya mkononi ya kawaida, na kazi iliyofanywa nayo katika Mkoa wa Kigoma.

Kabanga, katika Wilaya ya Kasulu, ni nchi ya vilima. Mama ambaye mwanawe amekesha na homa humfunga mgongoni alfajiri, akapanda na kushuka mpaka zahanati. Mtoto akipimwa huonekana ana malaria. Mhudumu yupo, daftari lipo, lakini pakiti ya dawa mseto ya uzito wa mtoto haipo. Mwenye nauli huendelea mpaka hospitali ya misheni. Asiye nayo hurudi nyumbani. Na huenda siku ile ile, katika zahanati ya bonde la pili, makasha ya dawa hiyo hiyo yamepangana yakingoja tarehe ya kuharibika. Dawa imo wilayani. Kinachokosekana ni habari, na homa ya mtoto mchanga haingoji.

Utaratibu wa kuagiza dawa ulikuwepo, wala haukuwa mbaya. Kituo kilijaza fomu kila robo mwaka, fomu ikapita wilayani, ikafika Bohari ya Dawa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Lakini miezi mitatu ni mirefu. Mwenye duka la sokoni Kasulu hutazama rafu yake kila jioni, akajua sukari imebaki kilo ngapi. Lau angeitazama mara nne kwa mwaka, wateja wangekwisha mhama.

Wenye viwanda walilitambua jambo hili mapema. Katika kampuni ya Toyota ya Japani, baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi Taiichi Ohno alivutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri ya kile kilichochukuliwa na wanunuzi. Akaleta kiwandani kadi ndogo iitwayo kanban. Fundi anapotumia vipuri, kadi hurudi nyuma kuwaarifu wanaovitengeneza, na bila ya kadi hakitengenezwi kitu. Ni karatasi tu, lakini iliondoa kubahatisha.

Kati ya mwaka 2009 na 2010 fikra kama hiyo ilijaribiwa Tanzania Bara katika vituo vya afya na zahanati 129 vya wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, jirani wa Kasulu. Mpango uliitwa SMS for Life. Wizara ya Afya ilishirikiana na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM pamoja na ushirika wa kimataifa wa kupambana na malaria. Kila Alhamisi ujumbe uliingia katika simu ya mhudumu, simu yake mwenyewe, ukiuliza idadi ya pakiti za dawa mseto za aina nne na ya kwinini ya sindano. Jibu halikumgharimu kitu, na aliyejibu kwa wakati alipata salio dogo la simu. Jumatatu viongozi wa afya wa wilaya walikuwa na hesabu ya kila kituo mbele yao.

Wapo waliodhani wahudumu wa vijijini hawataweza. Katika wiki 21 za majaribio, majibu yalipatikana kwa wastani wa asilimia 95. Makosa ya uandishi yalikuwa asilimia 7.5, na karibu yote yalisahihishwa na kutumwa tena. Wakaguzi walipokwenda kuhesabu kwa macho, hesabu zilikuwa sahihi kwa asilimia 94. Ofisi nyingi zenye umeme na viyoyozi haziwezi kujisifu hivyo.

Vituo vilivyokosa dawa moja au zaidi vilikuwa asilimia 78 katika wiki ya kwanza. Katika wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lakini mwenye kupenda kujua uongozi ni nini azitazame wilaya moja moja. Lindi Vijijini ilitoka asilimia 57 ikafika sifuri, na upungufu ulikuwa umekwisha tangu wiki ya nane. Ulanga ilitoka 87 ikafika 30. Kigoma Vijijini ilitoka 93 ikafika 47.

Simu zilikuwa zile zile, swali lile lile, Alhamisi ile ile. Haifai kuwalaumu watu wa Kigoma kwa haraka, kwani wilaya yao ilianza ikiwa na hali mbaya kuliko zote, na baadhi ya vijiji vyake vya ukingo wa Ziwa Tanganyika wakati huo vilifikiwa kwa mashua tu. Ujumbe wa simu huvuka ziwa kwa nukta chache. Kasha la dawa lahitaji mafuta, nahodha na idhini.

Na hiyo idhini ndiyo aghalabu inayosahauliwa. Kuchukua dawa kituo hiki na kuipeleka kile ni kazi ya kiongozi, maana mwenye kituo huogopa kutoa mali aliyoitia saini, asije akaulizwa siku ya ukaguzi. Pasipokuwa na hati nyepesi ya kuhamisha dawa, na mtu mwenye mamlaka ya kuitia saini siku ile ile, kiongozi wa wilaya huujua upungufu mapema zaidi, basi.

Mwaka 2011 mpango ulianza kuenezwa Tanzania Bara, ukafika zaidi ya vituo 5,000. Baadaye uagizaji wa dawa wenyewe uliingizwa katika mfumo wa kompyuta. Hata hivyo, ghala kuu linapokuwa tupu hakuna ujumbe unaoweza kulijaza, na mhudumu aliyejibu kwa wiki nyingi bila ya kuletewa kitu huanza kujiuliza ajibu kwa ajili ya nani.