Nasaba Isitugawe
(Neno lililotolewa Gisenyi, siku ya maadhimisho)

 

Nimepewa dakika chache, niseme juu ya nasaba. Kuna mafundisho yanazunguka kwenye simu zetu, Gisenyi, Goma mpaka Bujumbura: eti kabila hili ni Waebrania waliopotea, lile ni uzao wa Hamu aliyelaaniwa.

Hayo hayakuanzia kwetu. Mwaka 1889, Tennessee, Marekani, jiwe lenye maandishi lilitolewa katika kaburi la kale pale Bat Creek. Baadaye profesa Cyrus Gordon akasema ni Kiebrania, Wayahudi walifika huko kabla ya Columbus. Wengi wakashangilia. Lakini mwaka 2004 wachunguzi Mainfort na Kwas wakaonyesha kwamba maandishi yale yanafanana na mchoro wa kitabu cha Freemason cha mwaka 1870. Mtu alinakili tu!

Lile jiwe lilibaki ubishi wa wasomi. Kwetu, hadithi ya namna hiyo imemwaga damu. Mwingereza John Speke aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa maziwa makuu asili yao ni Uhabeshi. Rwanda yenyewe hakuikanyaga! Wakoloni wakalifundisha wazo lile shuleni, na watu wetu wakalimeza. Tarehe 22 Novemba 1992, pale Kabaya, mkoa wa zamani wa Gisenyi hii hii, Léon Mugesera akahutubia kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mito ilibeba miili mpaka Ziwa Victoria.

Mnaona, wapendwa? Anayekusifu leo kwamba wewe ni Mwebrania, kesho mwingine atachukua sifa hiyo hiyo akuambie: basi rudi kwenu.

Watumishi wenzangu, someni Mwanzo 9 polepole. Aliyelaaniwa pale ni Kanaani, na aliyelaani ni Nuhu akitoka katika ulevi. Kabila letu halimo. Paulo naye alimwonya Timotheo aachane na habari za ukoo zinazozaa maswali tu.

Kwa hiyo video ya namna hiyo ikikufikia, usiitume mbele. Na madhabahuni tusiihubiri, hata kama inatusifu sisi. Sisi tuliovuka mpaka kuja hapa leo, damu iliyotufanya ndugu ni ya Yesu.

Mungu awabariki. Amina!