Kabla ya Kununua Mashine ya Kukanda Unga, Hesabuni Mikebe

(Mazungumzo na wanavikundi wa kujisaidia katika ukumbi wa parokia)



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya jambo moja tu, na ni jambo la pesa. Vikundi vitatu vinavyooka nyumbani vimekuja kwetu na swali lile lile: tununue mashine gani kubwa ya kukanda unga? Wengine mnaiita mikisa. Ni ile yenye bakuli la chuma chini na mkono unaozunguka ndani yake. Kikundi kimoja tayari kina akiba ya merigoraundi, kingine kinataka kuchukua mkopo. Kwa hivyo hapa hatupitishi wakati. Pesa zikishatoka mfukoni kwenda dukani, kuzirudisha ni kazi.

Sisi tukiulizwa swali hilo, huwa tunauliza letu kwanza: oveni yenu inachukua mikebe mingapi kwa mara moja? Watu hushangaa. Wamekuja kuuliza mashine, wanaulizwa habari za oveni. Lakini sikizeni.

Mkate wa gramu 400 unapotoka kwenye moto, ulikuwa donge la gramu 460 hivi ulipoingia, kwa sababu maji mengine hukauka. Tuseme oveni yenu ya makaa inachukua mikebe 12. Mara kumi na mbili ni donge la kilo tano na nusu. Sasa, kilo moja ya unga wa ngano ukiongeza maji, hamira, chumvi, sukari na mafuta kidogo hutoa donge la kilo 1.6 au 1.7. Ina maana oveni yenu ikijaa kabisa inataka unga wa kilo tatu na nusu tu. Pakiti mbili za kilo mbili haziishi! Huo ndio mzigo wenu kwa mara moja, na mashine inunuliwe kwa mzigo huo.

Mkinunua mashine inayokanda kilo kumi kwa sababu iko dukani na inang'aa, mtakanda kilo kumi. Halafu? Mikate 12 inaingia kwenye moto, inakaa dakika 30 au 40, na donge lingine lote liko kwenye karai linangoja. Hamira haijui kungoja. Inaendelea kufanya kazi yake, donge linaumuka kupita kiasi, linaanza kunuka pombe, na mkate wa zamu ya tatu unabonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Huku Kisumu na Mombasa kwenye joto hali hiyo inafika upesi kuliko kule Limuru. Tumeona kikundi kikilaumu hamira, kikalaumu unga, kikabadilisha duka mara mbili, na kumbe shida ilikuwa oveni ndogo inayolishwa na mashine kubwa.

Basi, kama kinachowachelewesha ni oveni, tieni pesa kwenye oveni. Kama oveni inakaa ikiwaka bure huku akina mama bado wanakanda, hapo mashine ina maana. Mnaweza kujua kwa siku moja tu. Wekeni saa ukutani, na mtoto mmoja wa shule aandike: kukanda kulianza saa ngapi, kukaisha saa ngapi, oveni ikangoja dakika ngapi. Afanye hivyo siku tatu za kuoka. Karatasi hiyo ni bora kuliko maneno ya mwenye duka.

Haya, tuchukue kwamba mmepima na mmeona mnahitaji mashine. Dukani mtaonyeshwa namba mbili zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: lita na wati. Zote mbili zinaweza kuwadanganya.

Lita ni ukubwa wa bakuli likijaa maji mpaka mdomoni. Donge la mkate halijazi bakuli, na mota huchoka zamani kabla bakuli halijajaa. Kwa mashine za nyumbani sisi tunatumia hesabu rahisi: gawanya lita kwa tano, utapata kilo za unga wa mkate ambazo mashine itazikanda bila kulia. Bakuli la lita 5, unga kilo moja. Bakuli la lita 7, kilo moja na kidogo, tuseme 1.4. La lita 10, kilo mbili. Zile mashine za kazi, za lita 20 zenye mwili wa chuma, gawanyeni kwa nne, mpate kilo tano. Kitabu cha mashine kikisema kiwango kidogo kuliko hicho, fuateni kitabu. Na hapo tumesema donge la mkate, ambalo ni laini. Donge la mandazi lina maji machache, ni gumu, linaitesa mota zaidi. Punguzeni tena theluthi moja. Keki ni jambo lingine kabisa. Rojo la keki ni jepesi na bakuli linaweza kujaa kiasi cha nusu au zaidi bila taabu.

Kama hamwamini lita zilizoandikwa kwenye boksi, bebeni mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano, mjaze maji, mmimine kwenye bakuli hapo hapo dukani. Mwenye duka akikasirika, tokeni.

Wati nazo zinasema mashine inakula stima kiasi gani. Hazisemi ina nguvu gani kwenye mkono unaokanda. Kuna mashine ya wati 1500 yenye gia za plastiki ambayo itashindwa na donge lililokandwa vizuri na mashine ya zamani ya wati 500 yenye gia za chuma. Mkitaka kujua tofauti, iinueni. Mashine ya kukanda mkate ni nzito. Ile ambayo mama mmoja anaibeba kwa mkono mmoja kama birika, hiyo ni ya keki za sikukuu ya mtoto. Igeuzeni pia mtazame kibandiko kilicho chini ya tumbo lake. Kwenye nyingi za bei nafuu mtakuta herufi KB na namba, kwa mfano KB 10 min. Maana yake ni kwamba mashine imetengenezwa ifanye kazi dakika kumi, halafu izimwe ipoe kabisa kabla ya kuwashwa tena. Hebu fikirini kikundi kinachokanda mara nne mfululizo asubuhi moja. Mashine ya KB 5 haitafika Pasaka.

Kuna sababu ya haya yote. Mashine hizi zilianzia kwenye viwanda vya mikate, hazikuanzia jikoni. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 huko Marekani mhandisi mmoja, Herbert Johnston, alimwona mwokaji akisonga donge kwa kijiko cha chuma, akawaza kutengeneza chombo cha kumpunguzia kazi. Ile ya kuuzwa kwa nyumba za watu ilikuja mwaka 1919. Tangu hapo ile ndogo imebaki na sura ya ile kubwa: mkono ule ule, bakuli lile lile. Lakini sura ni ya baba, nguvu si za baba.

Jambo jingine ni karatasi ya garantii. Isomeni kabla ya kulipa, msingoje kufika nyumbani. Mashine nyingi za nyumbani huandikwa kwamba garantii ni ya matumizi ya nyumbani tu. Ninyi mnaoka nyumbani, ni kweli, lakini mnauza. Siku mota itakapoungua, fundi wa kampuni akiona unga umeingia kila mahali na mashine imetumika kila siku, atawaambia hiyo ni biashara, na mazungumzo yataishia hapo. Mwulizeni mwenye duka waziwazi, aandike jibu nyuma ya risiti na atie mhuri.

Sasa, mnaoka nini? Wanaooka mikate mitupu kila siku wanaweza kufikiria ile aina ambayo bakuli lenyewe linazunguka pamoja na chuma kilichopindwa kama skurubu. Inakanda polepole, donge halipati joto sana, na inavumilia. Lakini haipigi mayai wala haichanganyi siagi na sukari. Wanaooka keki za arusi na za ubatizo pamoja na mikate wanahitaji ile yenye mkono unaozunguka bakuli, na vyuma vitatu: kulabu ya mkate, mwiko bapa wa keki, na kipigio cha mayai. Kwa kulabu tumieni mwendo wa chini kabisa, namba moja au mbili. Vijana hupenda kuipandisha ikimbie. Gia nyingi zimefia hapo.

Kuhusu stima hatutasema mengi, kwa maana watu huogopa bili bila sababu. Mashine ya wati 1000 ikikanda robo saa inakula robo ya yuniti, tena kama inavuta nguvu zake zote. Tokeni haitawamaliza. La kuangalia ni kwamba plagi iwe ya pini tatu na waya wa ardhi uwe umeungwa kweli, kwa sababu mnashika chuma kwa mikono yenye maji. Na kama taa zenu hufifia jioni, kandeni alfajiri, maana stima ikipungua mota inapata joto. Msikubali kuuziwa mashine ya kazi inayotaka stima ya fezi tatu, hata ikiwa ni bei ya kutupa. Nyumba zenu zina fezi moja.

Tufike kwenye hesabu ya faida, na hapa tunaomba waweka hazina watoe kalamu. Tuseme mashine ni shilingi 40,000 na kila mkate unawaachia faida ya shilingi 5. Wengi hugawanya haraka, wanapata mikate 8,000, wanasema tunaoka 60 kwa wiki, baada ya miaka miwili na nusu tumemaliza. Hapana. Hiyo mikate 60 mlikuwa mnaioka kwa mikono bila mashine. Mashine inalipwa na mikate ya ziada peke yake. Kama itawafikisha kwenye mikate 100 kwa wiki, na kama kuna watu wa kuinunua yote, ziada ni 40, sawa na shilingi 200 kwa wiki. Elfu arobaini hapo ni wiki 200. Ni karibu miaka minne, na garantii mara nyingi ni ya mwaka mmoja. Kwa mkopo wenye riba ni zaidi. Kwa keki hesabu inaweza kuwa nzuri zaidi, kwa sababu faida ya keki moja ya arusi ni kubwa na kupiga siagi na sukari kwa mkono ndiko kunakochosha bega. Andikeni namba zenu wenyewe, msitumie zetu.

Tunajua kuna mama aliye hapa ambaye atasema, sisi hatutafuti faida zaidi, viganja vyetu vinauma. Mama, hiyo ni sababu halali. Wanachama wengine wana miaka sitini, na kukanda kilo nne kila alfajiri si mchezo. Lakini basi iandikeni hivyo kwenye kitabu cha kikundi: tumenunua mashine ili tupumzike. Inunuliwe kwa akiba, isinunuliwe kwa mkopo. Kupumzika hakuleti pesa za kulipa benki.

Na mashine itakaa nyumbani kwa nani? Swali hili limevunja vikundi kuliko gia mbovu. Nyumba itakayoiweka iwe na stima ya kutegemewa, na tokeni inayotumika ilipwe na kikundi. Mwenye nyumba asiikodishe kwa jirani bila wengine kujua. Mashine ikienda kwa fundi, watu wawili waende nayo. Andikeni haya kabla haijafika, wakati bado mnapendana.

Siku ya kununua, nendeni watatu, mmoja wenu awe ndiye anayekanda. Bebeni unga wenu, maji na mizani. Ombeni mashine ikande pale pale kiasi mnachotaka kwa dakika nane. Shikeni mgongo wake: ikiwa moto wa kukuondoa mkono, iacheni. Sikilizeni kama inabadilisha sauti donge linaposhika. Tazameni kama inatembea mezani. Ulizeni pia gia na brashi za kaboni zinapatikana wapi hapa Kenya, na mwonyeshwe, msielezwe tu.

Mmoja wenu ametuuliza juu ya mashine ambayo binti yake anataka kumtumia kutoka Marekani. Stima ya kule ni volti 120, yetu ni 240. Ukiichomeka hivi hivi, inaungua siku hiyo hiyo. Inahitaji transfoma, na iwe na uwezo mara mbili ya wati za mashine; hiyo nayo ni nzito na ni ya kununua. Mwambie binti, kwa shukrani na heshima, atume pesa, mashine mtainunua hapa. Zilizotumika kutoka Uingereza hazina shida hiyo kwa upande wa volti, lakini zijaribuni kwa unga vile vile.

Wanaotaka kupiga hesabu pamoja nasi waje na karatasi ya ile saa, idadi ya mikebe, na kitabu cha mauzo cha wiki nne. Mizani tunayo.